Kumlea Mtu Kazini: Faida kwa Mhusika, Ofisi na Kata

Mada kwa wakazi wa kata



Kwa kawaida mtumishi wa umma nchini Tanzania hustaafu kwa lazima afikapo umri wa miaka 60, na akipenda anaweza kuondoka mapema kuanzia miaka 55. Siku ya kuondoka hukabidhi funguo, majalada, kompyuta na mhuri. Anayepokea hukagua, hutia saini, na hati ya makabidhiano huwekwa masjala. Lakini hati hiyo haisemi bomba la maji limepita upande gani wa barabara tangu barabara ilipopanuliwa. Haisemi ni kaya zipi mbili ambazo hazipaswi kuitwa siku moja katika shauri la mpaka wa shamba, wala kwa nini pampu ya kisima hugoma kila kiangazi kinapokolea. Hayo yote aliyajua mstaafu, naye amepanda nayo basi kurudi kwao. Mrithi wake ataanza kuyatafuta upya, na gharama ya kutafuta italipwa na wananchi wanaosubiri maji.

Hasara ya namna hiyo haimo katika vitabu vya mhasibu, na pengine ndiyo sababu haizungumzwi sana. Haiko ofisini peke yake. Iko gereji, iko kwenye karakana ya seremala, iko katika wodi ya wazazi, iko shambani kwa mkulima aliyezeeka huku watoto wake wakiwa wamehamia Mwanza. Dawa yake ni ya zamani na si ya ghali: mwenye ujuzi amchukue asiye nao, akae naye karibu kwa muda unaojulikana, mpaka ujuzi uhame kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Huo ndio ulezi unaozungumzwa hapa. Wengine huuita unasihi, na katika ufundi huitwa uanagenzi. Mlezi wa namna hii hatoi fedha kama mfadhili, wala hatoi amri kama mkuu wa idara. Anachotoa ni muda wake, macho yake na makosa yake ya zamani.

Jambo hili si geni Usukumani. Katika vijiji vya Kisukuma vya zamani vijana walikuwa na umoja wao wa kazi, na kiongozi wao aliitwa nsumba ntale. Yeye ndiye aliyewaita kulima shamba la aliyehitaji msaada, akapanga zamu, akasimamia nidhamu, akamtoza faini aliyetegea. Vikundi vya bagobogobo vililima kwa ngoma na nyimbo, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Mgeni wa jembe aliyeingia mstarini hakusomewa somo la kilimo. Alisikia mdundo, akamtazama wa kulia na wa kushoto, na jua lilipozama alikuwa amejua kina cha jembe na namna ya kutunza pumzi.

Vyama vya ngoma vilikuwa vivyo hivyo. Bagika na Bagalu, ambao ushindani wao bado unajulikana kwa kila Msukuma, wanatokana na walimu wawili wa ngoma, Ngika na Gumha. Maana yake ni kwamba mchezaji alijitambulisha kwa mwalimu wake, yaani kwa mkono uliomfundisha. Mfano wenye uzito zaidi ni wa wacheza nyoka, Bayeye na Bagoyangi. Aliyeingia katika vyama hivyo alijifunza kwa hatua: mimea, dawa za sumu, kisha nyoka mwenyewe. Kazi ambayo kosa lake la kwanza linaweza kuwa la mwisho haifundishiki kwa kusimuliwa. Anayetaka kuona vifaa na kumbukumbu za maisha hayo anaweza kutembelea Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza.

Isidhaniwe kwamba utaratibu wa zamani haukuwa na dosari. Mengi yalifundishwa kwa siri, na mwenye siri alipofariki ghafla, siri ilizikwa naye. Msichana hakupewa nafasi sawa na kaka yake. Lakini ndani yake mlikuwa na kitu ambacho ofisi na karakana nyingi za leo hazina: kila aliyejifunza alimjua wa kumuuliza, na kila aliyejua alijua kuwa anadaiwa kufundisha.

Mfano ulio bora zaidi wa yale yanayotokea mnyororo huo unapokatika, na unapounganishwa tena, unapatikana katika ardhi yenyewe ya Bariadi, Maswa, Meatu na wilaya jirani. Kabla ya mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012, wilaya hizo tatu zilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga. Wafugaji wa huku walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho na kuifunga mvua zinapoanza, ili nyasi zikue bila kuguswa na mifugo ipate chakula wakati wa kiangazi. Ni desturi inayoonekana rahisi, kumbe ina elimu nyingi ndani yake. Lazima ijulikane sehemu ipi ifungwe, ifungwe lini, ifunguliwe kwa kiasi gani, ng'ombe wepi waingie kwanza, na mti upi uachwe ukue.

Kisha mambo yakabadilika. Wakati wa ukoloni misitu mikubwa ilifyekwa kupambana na mbung'o. Mashamba ya pamba yakapanuka. Miaka ya 1970 watu wakahamishiwa katika vijiji vya pamoja, mbali na maeneo waliyokuwa wakiyahifadhi. Ngitili nyingi zikaachwa. Kijana aliyezaliwa katika kijiji kipya hakuiona ngitili ya babu yake, na ambacho hakukiona hakuweza kukirithi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 hali ya ardhi ilikuwa mbaya kiasi kwamba Serikali, mwaka 1986, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI. Wakati huo ngitili zilizokuwa zikijulikana hazikuzidi hekta 600 hivi.

Mwanzoni mradi ulitilia mkazo vitalu na miche. Baadaye wataalamu waligeukia yale ambayo wenyeji walikuwa wakiyafanya tangu awali, na hapo ndipo kazi iliposhika kasi. Hebu litazamwe jambo lenyewe: mtaalamu mwenye shahada aliketi kwa mfugaji mzee, akaambiwa jina la nyasi, jina la mti, na sababu ya kuuacha mgunga fulani usikatwe. Katika uhusiano huo mwenye cheti ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Mikutano ya jadi ya dagashida iliweka kanuni, na sungusungu wakasaidia kuzisimamia. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, ngitili zilizofufuliwa au kuanzishwa zilikuwa zimefikia zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Malisho yalirudi, na pamoja nayo kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, dawa za mitishamba na asali.

Idadi hiyo haikuletwa na mradi peke yake. Ililetwa na ukweli kwamba mwaka 1986 walikuwapo bado wazee waliokumbuka. Miaka ishirini mbele, huenda wasingepatikana wa kuulizwa. Kila kijiji chenye ngitili leo kinapaswa kujiuliza ni vijana wangapi wanaojua kanuni zake kwa undani, mbali na kujua faini ya kuingiza ng'ombe.

Kutoka malishoni yafaa kuingia wodini, maana huko matokeo ya ulezi yamepimwa kwa hesabu ya maisha ya watu. Katika mikoa mitano ya Tanzania, ikiwemo Shinyanga na Mwanza inayopakana na Simiyu, pamoja na Geita, Tabora na Manyara, uliendeshwa mpango wa uzazi salama ulioratibiwa na Hospitali ya Haydom, katika hospitali na vituo vya afya 30. Wakunga hawakuitwa kwenye semina ya hotelini wakarudi na begi na cheti. Waliokuwa na ujuzi miongoni mwao waliandaliwa kuwaongoza wenzao papo hapo wodini, kwa mazoezi mafupi yanayorudiwa mara kwa mara, wakitumia mwanasesere wa kumsaidia mtoto asiyepumua na mfano wa mama anayetoka damu. Mtoto asiyepumua baada ya kuzaliwa anahitaji msaada ndani ya dakika moja, na dakika hiyo haitoshi kufungua kitabu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2025, baada ya kufuatilia uzazi wa akina mama wanaokaribia 300,000. Vifo vya akina mama vilipungua kwa asilimia 75 hivi, na vya watoto wachanga ndani ya saa 24 za kwanza kwa asilimia 40 hivi. Vifaa vilisaidia, na takwimu zilizokusanywa kila siku zilisaidia pia. Hata hivyo, kiini cha kazi kilikuwa mkunga kumshika mkono mkunga mwenzake, leo, na wiki ijayo, na mwezi ujao. Mama anayekwenda kujifungua katika zahanati ya kata ana haki ya kutamani kwamba muuguzi aliyeajiriwa mwaka huu hatakuwa peke yake usiku wake wa kwanza wa zamu.

Shuleni hali inafanana. Mwalimu kijana anapangiwa shule ya kijijini Bariadi, labda ametoka Pwani au Kilimanjaro, hajui Kisukuma, naye anakabidhiwa darasa la kwanza lenye watoto ambao wengi wao walikua wakisikia Kisukuma nyumbani. Chuoni alifundishwa mbinu. Hakufundishwa kwamba mtoto anayenyamaza huenda ameelewa swali na kukosa neno la Kiswahili la kujibia. Mwalimu mkongwe wa darasa la jirani analijua hilo, kwa kuwa alilipata kwa miaka kumi. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unaosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, umeweka nafasi kwa walimu wa shule moja kukutana katika jumuiya za kujifunza na kufundishana. Nafasi hiyo hufaa pale mwalimu mkuu anapoilinda. Inapogeuzwa kikao cha kujaza fomu, mwalimu mgeni hurudi darasani na ukimya uleule, na mwaka unaofuata anaandika barua ya kuomba uhamisho. Wazazi husema walimu hawakai kijijini. Mara nyingi ni kweli, na nyumba mbovu ni sababu mojawapo, lakini upweke wa kazini nao huhamisha watu.

Kilimo kinatoa somo la aina nyingine. Simiyu ni mkoa wa pamba, na katika miaka ya karibuni Bodi ya Pamba Tanzania imehimiza mkulima apande kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 30 badala ya 90 kwa 40 ya zamani. Mwenye kalamu anaweza kufanya hesabu: eneo la kila shimo limepungua kwa nusu kamili, kwa hiyo mashimo katika ekari moja yameongezeka maradufu. Balozi wa Pamba, Aggrey Mwanri, alizunguka vijijini akilieleza jambo hilo kwa bidii, na watu walimsikiliza. Kusikiliza ni hatua moja. Mkulima aliyepanda 90 kwa 40 maisha yake yote, kama baba yake alivyopanda, anaogopa kwamba miche itabanana na kunyang'anyana maji mvua ikichelewa. Hofu yake haiondolewi na hotuba. Huondolewa na jirani aliyetangulia kupanda hivyo, ambaye anaweza kuulizwa jioni, dukani, ametumia palizi ngapi na amevuna kilo ngapi. Shamba darasa lina nguvu kwa sababu hiyo: mwalimu wake anaishi hapohapo, na mavuno yake mabaya yakitokea hayafichiki.

Sasa iingie gereji. Kandokando ya barabara ya Bariadi kwenda Lamadi, kama ilivyo katika barabara nyingine za mkoa, hakosekani kijana mwenye nguo zilizolowa oili anayeitwa dogo na kila mtu. Huyo ndiye mwanagenzi. Mzazi wake amekubaliana na fundi kwa mdomo, pengine kuna fedha kidogo iliyotolewa, na muda wa kumaliza haujulikani. Hapa ni lazima isemwe wazi: miaka mitatu ya kuosha spana na kutumwa chai si ulezi. Ni kibarua kisicho na mshahara. Mafundi wengi ni walimu wa kweli na mji usingekwenda bila wao. Wapo wengine wanaofungua injini wakiwa wamempa kijana mgongo, au wanaomtuma dukani wakati ule ule wa kupanga valvu, kwa hofu kwamba akijua atafungua gereji yake ng'ambo ya barabara na kuondoka na wateja.

Hofu hiyo ina msingi, na kuidharau hakusaidii. Fundi anaishi kwa ujuzi wake, na soko la Bariadi si kubwa. Lakini fundi asiyefundisha hubaki na mikono miwili tu. Gari la pili likija analikataa, na akiugua anafunga. Aliyefundisha ana mikono sita, anachukua kazi kubwa, na wanagenzi wake waliotawanyika Maswa, Itilima na Busega humletea kazi iliyowashinda. Tena kufundisha humnoa anayefundisha. Kijana akiuliza kwa nini boliti hizi hukazwa kwa mpangilio huu, fundi aliyefanya hivyo kwa miaka ishirini bila kufikiri hulazimika kufikiri, na wakati mwingine hugundua kwamba sababu aliyoambiwa na mwalimu wake haikuwa sahihi.

Kwa kijana aliyejifunza hivyo bila chuo, Serikali imeweka mlango. Kupitia VETA, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, upo utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi magari, mwashi, seremala, fundi cherehani au mpishi hupimwa kwa kazi anayoweza kuifanya, huongezewa yale anayopungukiwa, na hupewa cheti. Cheti hicho humwezesha kuomba ajira na zabuni ambazo hapo awali alizitazama kwa mbali. Vilevile Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, imekuwa ikigharimia mafunzo ya uanagenzi na ya uzoefu kazini kwa wahitimu. Maelekezo ya namna ya kuomba huulizwa kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata au kwa afisa vijana wa halmashauri.

Huduma nyingine ya halmashauri inayohitaji ulezi kuliko inavyofikiriwa ni mikopo ya asilimia 10. Kwa mujibu wa sheria, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ukarejeshwa mwaka 2024. Mjadala mkubwa umekuwa juu ya fedha kutorejeshwa, na lawama huangukia uaminifu wa vikundi. Uaminifu ni jambo la msingi. Hata hivyo kipo kikundi kinachoanguka kikiwa kiaminifu kabisa. Kinanunua mashine ya kukoboa, kinauza kwa furaha miezi minne, kinagawana mauzo kikidhani ni faida, kisha mota inaungua na mfukoni hakuna kitu.

Mfanyabiashara wa sokoni aliyedumu miaka kumi na mitano angewaambia hilo siku ya kwanza. Angewaonyesha kwa daftari lake mwenyewe kwamba fedha ya vipuri huwekwa kando kabla ya posho. Hakuna aliyemwomba. Kikundi kina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, akaunti ya benki na katiba, mlezi hakina. Wananchi wanaounda vikundi wanashauriwa kumtafuta mtu wa namna hiyo kabla ya kupeleka maombi, mtu asiyekuwa mwanachama na asiyedai gawio, akubali kukutana nao mara moja kwa mwezi na kulikagua daftari. Viwanda vidogo vilivyoanzishwa na vijana wa mkoa huu kwa msaada wa halmashauri zao, cha chaki Maswa na cha maziwa Meatu, vilionyesha kwamba uwezo upo. Pia vimewakumbusha wote kwamba kutengeneza bidhaa ni nusu ya kazi, na kuiuza ni nusu ya pili, ambayo nayo ina mafundi wake.

Kuna kundi moja ambalo kwalo ulezi si nyongeza bali ni sharti la kufanikiwa, nalo ni wasichana waliorudi shuleni. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliwaruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwa mojawapo, kurejea katika mfumo rasmi. Waraka unamrudisha darasani. Haumlindi dhidi ya kicheko cha korido, wala haumwambii afanye nini mtoto wake akiugua wiki ya mtihani. Mwalimu wa kike, muuguzi, au mama wa mtaani aliyepita njia ngumu akasimama, anaweza kumfaa kwa jambo dogo kama kumuuliza kila Ijumaa wiki ilikwendaje. Msichana anayejua kwamba Ijumaa ataulizwa ana sababu ya kuifikia Alhamisi.

Hapo hapo inahitajika tahadhari. Uhusiano wa mkubwa na mdogo, wenye nguvu na asiye nayo, unaweza kutumiwa vibaya, na jina zuri la ulezi likawa pazia. Mlezi wa mtoto au wa binti akutane naye mahali pa wazi, shuleni, ofisini au nyumbani mbele ya wazazi, na mzazi ajue siku na saa. Asiwepo wa kutaka siri. Mwanagenzi anayepigwa, anayeombwa rushwa ya ngono au anayezuiwa kurudi kwao ana haki ya kwenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, na anayemshauri avumilie kwa kuwa ndivyo ufundi ulivyo anashiriki katika kosa.

Katika ofisi za kata na halmashauri, mambo machache yangetosha kuanzia. Mtumishi aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu apangiwe wa kufuatana naye, hasa kwenye kazi za nje: visima, barabara, mipaka ya viwanja, migogoro ya wafugaji na wakulima. Atakayepokea aandike anayoyaona katika daftari lake, maana mzee huyakumbuka mambo akiwa amesimama mahali yalipotokea, na hayakumbuki akiwa ameketi kwenye kiti cha ofisi. Mwajiriwa mpya apewe mtu wa kumuuliza ambaye si mkuu wake wa kazi, kwa kuwa hakuna anayependa kuonekana mjinga mbele ya anayejaza fomu yake ya tathmini. Na mkuu wa idara ahesabu muda wa kulea kuwa ni muda wa kazi. Palipo na desturi ya kumwona mtu anayemwelekeza mwenzake kuwa anapiga soga, ulezi hauwezi kuota mizizi.

Wananchi nao hawana haja ya kungoja waraka. Mstaafu aliyerudi kijijini, awe karani wa chama cha msingi, muuguzi, fundi mitambo au mwalimu, anaweza kujitokeza kwa Mtendaji wa Kijiji na kusema anachokijua. Kijana anaweza kwenda kwake akiwa na swali moja lililo wazi. Kusema "nisaidie maisha" humchosha mzee asijue pa kuanzia. Kusema "nifundishe kusoma mizani ya pamba na kuandika stakabadhi" humfanya atafute kalamu.

Wakishakubaliana, wawili hao wapatane mambo matatu siku ya kwanza, ikiwezekana mbele ya shahidi: kitakachofundishwa, siku za kukutana, na lini kazi itahesabiwa imekwisha. Hilo la tatu ndilo husahaulika, hasa katika ufundi. Mwashi anaweza kusema: siku utakapojenga kona ya nyumba, timazi ikaning'inia bila kugusa tofali, umemaliza. Fundi cherehani anaweza kusema: siku utakapopima, kukata na kushona suti ya mteja, naye akavaa bila kurudi. Na fundi magari anaweza kusema: siku utakapofungua injini, ukaifunga na kuiwasha, mimi nikiwa nimekaa ng'ambo ya barabara nakunywa chai.